Nyuma ya Bitana

Mgongo wa fundi cherehani haukosi kuuma. Ndivyo dada mtu alivyoamini, maana wake ulimuuma, na wa marehemu baba yao ulimuuma mpaka akaingia nao kaburini. Kwa hiyo mdogo wake, ambaye wateja walimwita Kifungo kwa ufupi wake, alipoanza kulalamikia mgongo, dada alimwongezea mto kwenye stuli, na jioni akamkanda kwa mafuta ya moto. Hata alipoona kwamba hapati nafuu ila akiinama mbele, kifua juu ya cherehani, alimtania kuwa kazi imemkolea mpaka analala nayo.

Kifungo naye hakushindwa maneno. Suruali zilipoanza kumpwaya kiunoni, alisema fundi mzuri hupunguza nguo, fundi bingwa hujipunguza mwenyewe.

Walipokwenda hospitali mara ya kwanza alipimwa ultrasaundi. Wakaambiwa tumbo halionyeshi kitu, ila gesi imeficha sehemu za nyuma, hivyo arudi kwa kipimo kikubwa. Dada mtu alisikia nusu ya kwanza. Alirudi amechangamka, akawatangazia wateja kuwa tumbo la mdogo wake ni safi kama kitambaa kipya. Nusu ya pili waliiacha palepale kwenye benchi la kusubiri, na miezi ikapita.

Sasa kipimo kikubwa kilikuwa kimefanyika. Kifungo amelazwa wodini, na dada yake ameitwa peke yake kwenye chumba chenye ubaridi, mapazia yameshushwa. Daktari wa picha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimgeuzia kioo cha kompyuta ili naye aone.

Alimwonyesha mwili wa mdogo wake umegawanywa vipande vyembamba kama mkate. Matumbo yako mbele, alieleza, ndani ya utando. Nyuma ya utando huo kuna nafasi nyingine, mbele ya uti wa mgongo. Humo figo zimekaa huku na huku, kongosho limelala kwa kukingama, na mshipa mkuu wa damu unashuka katikati. Humo ndimo uvimbe ulimojificha.

Dada mtu alielewa upesi kuliko alivyotaka. Ni bitana. Mara ngapi amezitoa funguo za wateja kati ya bitana na kitambaa cha koti, zimepenya kwenye tundu la mfuko, mwenyewe anazitafuta nyumba nzima?

"Basi fumua," alisema. "Fumua bitana, ukitoe, ushone."

Daktari hakumcheka. Aliweka kidole kwenye uvimbe wa kijivu. Ulikuwa umeubana mfereji wa mkojo, figo ya kushoto ikafura. Kisha akakizungusha kidole polepole.

"Ungekuwa kando ya mshipa, mama, tungeutoa. Huu umeukumbatia. Ukikata hapa, unakata na mshipa."

"Na tungerudi mapema, kama mlivyotuambia?"

Daktari alitazama kioo, si yeye. "Labda," alisema.

Labda hiyo ilimfuata njia nzima ya kurudi wodini. Kwenye korido alijitungia uongo, akaupiga pasi vizuri. Alimkuta Kifungo ameketi kitandani, ameinamia mto aliouweka mapajani.

"Wamekiona?"

"Wamekiona. Kiko nyuma, kama kitu kilichopotelea kwenye bitana."

Kifungo alifikiri kama fundi. "Kimelegea, au kimeshikana na kitambaa?"

Uongo wote ulimwishia. "Kimeshikana, mdogo wangu."

"Pande zote?"

Aliitikia kwa kichwa. Kifungo akalaza shavu kwenye mto. Akasema lile koti la mwalimu aliloliacha kwenye cherehani limebaki kushonwa mikono tu. Dada asimpe fundi mwingine, alimalize mwenyewe, na asikaze uzi, maana ana tabia ya kukaza.

Dada mtu aliahidi. Kisha akapeleka mikono mgongoni kwa mdogo wake, palepale alipopakanda miezi yote ile, na kwa mara ya kwanza akaogopa kukandamiza.