Majirani wa Kariakoo Msituni Pugu

Abdulkadiri, muuza mapazia wa Mtaa wa Kongo, alikuwa na ugomvi na Elimringi, Mchaga muuza mashuka wa duka la pili, na aliutunza ugomvi huo kuliko watu wengine wanavyotunza ndoa zao. Chanzo chake kilikuwa kizito sana: mvua ikinyesha, turubai la Elimringi lilimwaga maji kwenye mapazia ya mwenzake. Basi miaka ikapita, wanafungua maduka bega kwa bega bila salamu.

Mke wa Abdulkadiri, Shamsa, alichoka kusikia habari za turubai. Akamwandikisha kwenye kikundi kinachokwenda kutembea msitu wa Pugu siku za Jumapili. Abdulkadiri aliuliza kwa nini mtu apande gari akatembee Pugu, wakati Kariakoo kutembea ni bure na lazima. Akanunua viatu vya mlimani kwenye soko la mitumba la Mchikichini, vya mzungu fulani aliyejaliwa miguu mikubwa, wakaenda.

Mtu wa kwanza ambaye Abdulkadiri alimwona kwenye geti la msitu alikuwa Elimringi, kavaa kofia pana kama anakwenda kugundua ziwa.

Kiongozi wao, dada mmoja aitwaye Candida, aliwaeleza kwamba msitu ule ni wa kale kuliko jiji lenyewe, na kwamba umeponea chupuchupu kuwa mkaa. Kisha akawaomba watembee kimya ili wasikie ndege. Wengine waliona tabu. Wale wawili hapana. Wao walikuwa na uzoefu.

Mlima ukawachuja. Wenzao wakatangulia, Shamsa akiwa mbele kabisa, wale wawili wakabaki nyuma wakihema. Njia ilipogawanyika, Elimringi akashika ya kushoto. Abdulkadiri akamfuata akidhani mwenzake anaijua. Elimringi naye, kwa kusikia vile viatu vikubwa nyuma yake, akaamini yuko sawa, maana adui yake asingekubali kupotea kwa hiari. Wakaenda hivyo, watu wazima na akili zao, mpaka njia ikaishia kwenye mizizi.

Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa kushindwa. Elimringi aligeuka arudi, akateleza, goti likapinda, akakaa chini kwenye majani huku jasho likimtoka. Kima walikuwa juu ya mti wakiwatazama. Abdulkadiri alifikiria kumwacha, na hakufikiria kwa muda mfupi.

"Mangi, unaweza kusimama?" akauliza hatimaye.

Elimringi alimtazama. "Lile turubai, shehe. Nilijua linakumwagia."

"Najua ulijua."

"Nilikuwa nasubiri uje uniambie."

"Na mimi nilikuwa nasubiri uone aibu."

Chini ya miti ile mikubwa kulikuwa na ubaridi, na Abdulkadiri akashangaa kuona hana hasira hata ya akiba. Akampa bega. Wakashuka polepole wakilaumiana njia nzima, wakatokea upande usio wao, kwa mama mmoja muuza mihogo aliyewaitia bodaboda.

Getini Shamsa alikuwa analia. Alipowaona wameshikana kiunoni, akafuta machozi na kuanza kugomba.

Elimringi alikaa nyumbani na goti lake limefungwa bandeji. Kila asubuhi Abdulkadiri akawa anampigia simu kumpa habari za mtaa: nani kafungua, nani anaumwa, nani kaongeza mke. Shamsa anasema yeye hakupigiwa simu namna hiyo hata walipokuwa wachumba.