Pweza wa Bi Sabaha

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ndiyo maana naipenda penseli, inanilazimisha kutulia.

Mwaka wa hamsini na nne nilipanga chumba kwa Bi Sabaha, Msimbazi. Mzungu mmoja aliyekuwa akiandika kitabu cha viumbe vya baharini alitaka nimchoree kaa, kamba na pweza. Kutia kivuli nilifundishwa na mwalimu wa misheni kwetu Machame. Kuacha karatasi tupu iwe ndiyo maji, nilijifunza kwa kukodolea macho bakuli la Kichina kwenye duka la Mhindi. Mzungu aliupenda mchanganyiko huo. Kaa na kamba alishawakubali. Nikimpelekea na mchoro wa pweza siku ya mwisho kabla ya saa kumi, kazi ya kudumu ni yangu; nikichelewa, anamchukua mwingine, nami narudi kubeba magunia Kariakoo.

Siku hiyo nilinunua pweza, nikampanga kwenye sinia uani, kila mkono na mkunjo wake. Nilipofika mkono wa tano penseli ikaisha. Nikaweka karatasi kwapani, nikakimbilia dukani.

Niliporudi nilisikia pu! pu! Bi Sabaha alikuwa amemlaza pweza wangu juu ya jiwe, anamtwanga kwa mchi. Ngozi imechubuka, povu limetapakaa.

"Nyie watu wa bara hamjui," alisema akicheka. "Pweza asipopigwa halainiki. Nakupikia na nazi, mwanangu."

Macho yaliingia giza. Nilimpokonya mchi nikampiga nao mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akaanguka, akanitazama kama mtu asiyenijua.

Mwanawe Kibwana, mchukuzi wa bandarini, alitoka chumbani bila kuuliza. Alinibwaga, akaubana mkono wangu wa kulia juu ya lile jiwe lenye utelezi, akashusha mchi. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu Bi Sabaha akapiga kelele, "Basi, Kibwana! Utamuua!"

Saa kumi ilinikuta barazani, vidole vimevimba ndani ya kitambaa. Nililia, na si kwa maumivu. Kazi imekwenda, na nimemvunja mkono mwanamke aliyeniita mwanangu.

Akaja, mkono mmoja ukining'inia kwenye kanga, mwingine umeshika sahani. Akakaa, akaiweka sahani mapajani, akamega kipande, akakichovya kwenye mchuzi, akanisogezea mdomoni.

"Ungesema tu," alisema.

Nikafungua mdomo. Pweza alikuwa laini kabisa.