Fimbo Inayolia Mapema

Kamati ya parokia ilipokaa kupanga safari ya tarehe kumi na tano Agosti, iliandika orodha ya vitu vitakavyopanda gari. Kwanza nyungu sita za chakula. Halafu ngoma mbili. Halafu mama Kabedi, mjane wa miaka themanini na minane. Chini kabisa, kwa mwandiko uleule mzuri, waliandika: tata Ngeleka.

Kila mwaka siku hiyo waumini hutoka parokiani asubuhi na kutembea kilomita kumi na moja kwa barabara ya Nzilo, hadi kwenye kanisa dogo lililo juu ya kilima. Tata Ngeleka alikuwa ameitembea njia hiyo mara ishirini na tatu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, kilo hamsini na nane, na goti la kushoto lililokuwa likifanya mambo yake bila kumwuliza. Alipoona orodha imebandikwa mlangoni mwa kanisa, aliisoma mara mbili, akaenda moja kwa moja kwa Kalonji, mwenyekiti wa kamati. Kalonji alikuwa ndugu mdogo wa mke wake, yaani semeki wake, na alikuwa na duka la saruji.

"Semeki," tata Ngeleka alisema, akibaki amesimama. "Uliniweka nyuma ya nyungu."

"Nyungu haina goti mubaya," Kalonji alijibu.

"Mi natembea."

"Mwaka yenye ilipita ulitembea namna gani? Ulitembea kwa mugongo yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka uliopita, kwenye kilomita ya sita, fimbo ya tata Ngeleka ilikatika kama kijiti cha kiberiti, naye akaanguka mbele ya wanakwaya. Kalonji alimbeba mgongoni hadi mahali gari lilipokuwa limesimama, na kwa wiki mbili baadaye alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Kwa hiyo siwezi kusema alimwandika kwa ubaya. Lakini baina ya mashemeji kuna ruhusa ya kutaniana, na Kalonji hakuwa mtu wa kuacha ruhusa ioze.

"Tufanye hivi," alisema. "Lete fimbo yenye inaweza kunibeba mi mwenyewe. Siku ya safari, mbele ya batu yote, tutaiweka juu ya mabenchi mbili. Mi nitakaa katikati, niseme Baba Yetu moja. Ikinibeba mpaka Amina, utatembea. Ikikatika, utapanda motoka, na utashikilia ngoma."

"Na bifuniko ya nyungu," aliongeza Mbombo, mke wa tata Ngeleka, ambaye alikuwa amekuja kununua saruji nusu mfuko na hakutaka kukosa mazungumzo.

Uzito wa Kalonji haukuwa siri. Dukani kwake kulikuwa na mizani ya mifuko, na kila Jumamosi wafanyakazi wake walimpima kwa kucheka. Jumamosi iliyotangulia alikuwa kilo mia moja na ishirini na moja.

Jocelyne, binti wa tata Ngeleka anayekaa Lubumbashi, aliposikia habari alituma kwa basi fimbo ya chuma chepesi, ya kupandia milima, yenye kamba ya kuvaa mkononi na kitufe cha kuirefusha. Tata Ngeleka aliibonyeza. Fimbo ilijirefusha. Aliiegemea kidogo, ikajifupisha, naye akajikuta ameinama mbele ya mke wake kama anayeomba msamaha.

"Nimekusamehe," Mbombo alisema. "Sasa inuka, Baba Jocelyne."

Kesho yake tata Ngeleka alikwenda mtaa wa Kasulo kwa Dady, kijana anayewauzia wachimbaji mipini ya sururu na majembe. Dady alikuwa na miti ya kila aina, imeegemezwa ukutani kwa mistari. Alipoelezwa jambo lenyewe, hakufikiri sana. Alimpa mpini wa mubanga, mti ambao watu hutengenezea michi ya kutwangia.

"Huyu hata ukiweka kamio nzima ya mawe juu, atakuangalia tu," Dady alisema.

Tata Ngeleka aliupima mkononi. Ulikuwa mnene kama mkono wake, na bila shaka ungembeba Kalonji na Baba Yetu na hata Salamu Maria. Aliutembeza hadi mwisho wa uzio na kurudi. Bega lilianza kulalamika kabla ya goti.

"Kilomita kumi na moja na huyu, mutanizika naye," alisema. "Niletee mwembamba."

Mubanga mwembamba ulikuwa mwepesi na mzuri. Aliulaza juu ya matofali mawili, akamwomba Dady aukalie. Dady alikaa. Mti ukanyamaza. Dady alimwita rafiki yake mmoja, naye akakaa. Mti ukanyamaza bado, halafu ukakatika vipande viwili bila kusema neno, na vijana wote wawili wakakaa chini.

"Unaona?" tata Ngeleka alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na adui wa zamani. "Huyu ni wa kuua batu."

Lazima nieleze kazi yake ya zamani. Kwa miaka ishirini na nane tata Ngeleka alishuka mgodini kusimamisha magogo yanayoshikilia paa la njia za chini. Watu wa kazi hiyo hawachagui gogo kwa kuuliza kama ni gumu. Mti mgumu sana hukaa kimya, hukaa kimya, halafu siku moja unaachia mlima. Wao hutafuta mti unaolia mapema. Unapoanza kulemewa, unalia: kreee. Na kule chini hakuna anayeuliza gogo limesema nini. Unatupa ulicho nacho, unakimbia, maswali unayauliza ukifika penye mwanga. Wengi wa wazee wa Kolwezi wanaokula ugali leo wanaula kwa sababu ya mti fulani uliopiga kelele.

Ghafla tata Ngeleka aliacha kuyaangalia yale matofali.

"Uko na kalipitusi?" aliuliza, akimaanisha mkaratusi. "Mukavu, wa kupasuka-pasuka kidogo?"

"Tata, ile ni ya kupika nayo."

"Nionyeshe ile ya kupika."

Nyuma ya uzio kulikuwa na rundo. Alikaa hapo zaidi ya saa moja. Aligonga kila mti kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akauweka kando. Alichagua miwili iliyotoka katika shina moja, yenye urefu na unene uleule. Mmoja aliulaza juu ya matofali. Dady alipoukalia peke yake, ulilia hivi kwamba kuku wa jirani wakatoka mbio. Rafiki yake alipoongezeka, uliendelea kulia, ukalia, ukalia, na tata Ngeleka akasoma Baba Yetu kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, ulikatika.

"Nusu," alisema.

"Basi umeshindwa," Dady alisema, akijipangusa vumbi.

"Yule mwingine unauza ngapi?"

"Tata, umeona mwenyewe ndugu yake amekatika."

"Nimeona. Analia mbio, kukatika kunakuja nyuma. Huyo njo ninatafuta."

Dady alimpa bure, kwa sababu hakutaka baadaye aseme aliununua kwake.

Nyumbani tata Ngeleka aliuchonga kishikio, akaupaka mafuta ya mawese upande wa juu tu. Mbombo alimwuliza kama ni mti mgumu. Alijibu kwamba ni mti mwenye akili. Mbombo akaenda kupanga nguo za mume wake za kupandia gari.

Siku ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Agosti ilikuwa bado imelala juu ya ua wa parokia. Watu karibu mia moja walikuwa wamekusanyika na makoti yao. Mama Kabedi alikuwa tayari ndani ya gari, kati ya nyungu. Mabenchi mawili yaliwekwa katikati, fimbo ikalazwa juu yake. Père Benoît, padre kijana aliyezaliwa Kananga, aliambiwa awe shahidi, naye alikubali bila kujua vizuri anashuhudia nini.

Kalonji alivua kofia, akamkabidhi mtu. Aliizunguka fimbo mara moja.

"Semeki, hii ni kuni."

"Kaa," tata Ngeleka alisema.

"Nikianguka, utanibeba?"

"Kaa, semeki. Baridi inaua bamama."

Kalonji alifanya ishara ya msalaba, akakaa polepole, kama anayekaa juu ya mtoto aliyelala. Akainua miguu. Akafumba macho.

"Baba yetu uliye mbinguni, jina lako..."

Kreee, ilisema fimbo.

Aliyeona Kalonji akiinuka hayupo. Watu waliona benchi tupu, na halafu wakaona mgongo wa koti lake ukipita kwenye lango la parokia. Hakuwa peke yake. René, mzee wa sadaka, aliyekuwa amesimama kando na rozari, alikuwa mbele yake kwa hatua mbili. Ntambwe, mpiga ngoma, alikuwa ameruka ua wa maua na ngoma yake. Wazee wengine watatu walikuwa wamefika barabarani, na mmoja wao alikuwa akimvuta mke wake kwa mkono, naye mama huyo akiuliza wanaenda wapi.

Wengine wote walibaki wamesimama. Vijana, akina mama, padre: hakuna aliyetikisika. Ilikuwa rahisi sana, asubuhi ile, kujua nani alifanya kazi chini ya ardhi na nani hakufanya. Kalonji aliendesha mashine ya kupakia mawe kule chini kwa miaka kumi na minne kabla ya kuuza saruji. Hata tata Ngeleka, aliyekuwa ameyapanga yote, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka kuelekea lango, naye akaurudisha polepole.

Kalonji alirudi akihema, akachukua kofia yake. Wazee wengine walirudi wakiangalia chini.

"Imekatika," Kalonji alisema.

"Iangalie," alijibu tata Ngeleka.

Kalonji aliiangalia. Fimbo ilikuwa imelala pale pale, nzima.

"Sikufika Amina."

"Fimbo ilikuwa inangoja Amina. Weye njo uliiacha na sala mukononi. Rudi ukae."

Kalonji alirudi kwenye mabenchi. Alikaa upande mmoja tu wa makalio. Kree, fimbo ilisema kwa sauti ndogo, na Kalonji akawa amesimama. Alijaribu tena kwa kuweka mikono tu. Nyuma yake René aliomba, kwa upole, kama wanaweza kuacha mchezo huo, kwa sababu yeye ana moyo mgonjwa.

"Mon père," Kalonji alimgeukia padre, "unasema namna gani?"

Père Benoît aliinua fimbo, akaitazama mwisho hadi mwisho.

"Naona fimbo haikukatika," alisema. "Ni sala yenye ilikatika. Na mwenye kuikata simutaji."

Ua wote ulicheka, akina mama zaidi. Mbombo alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Kalonji alitoa orodha mfukoni, akafuta jina la chini. Alifuta kwa mistari mitatu, ingawa mmoja ungetosha.

Padre alipomrudishia tata Ngeleka fimbo, aliuliza kwa sauti ya chini, "Lakini itakubeba weye?"

"Mi niko kilo makumi tano na nane, mon père. Na mi siikalii."

Wakatembea. Kwenye lami fimbo ilinyamaza, ila kwenye miteremko ilinung'unika kidogo, na kila iliponung'unika wazee waliokuwa karibu walihamia upande wa pili wa barabara, hivi kwamba tata Ngeleka alitembea akiwa na nafasi kubwa kuliko askofu. Malori ya madini yalipita na kumwaga vumbi. Kwenye kilomita ya sita hakutazama pembeni. Kwenye ya nane goti liliwaka moto kweli, akaanza kuhesabu nguzo za umeme na kujiruhusu kupumzika kila baada ya nguzo nne. Gari lilimpita. Mama Kabedi alitoa kichwa.

"Panda, mutoto. Mahali iko."

"Nakuja, mama. Tangulia."

Alifika kilimani wakati wa sadaka, jasho limelowesha kola, baada ya kila mtu isipokuwa mwendesha baiskeli mmoja aliyepata pancha. Lakini alifika kwa miguu yake, na kwaya, ambayo ilikuwa imemwona akianguka mwaka uliopita, ilimwona akipanda ngazi ya mwisho. Alikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyempongeza, na hilo lilimfurahisha: mtu anayetembea kama watu wengine hapongezwi.

Baada ya Misa walikula. Nyungu zilioshwa, ngoma zikafungwa, na Kalonji akapiga makofi kuwakusanya watu kwa kurudi. Alihesabu vichwa. Kimoja kilipungua. Alikikuta ndani ya gari, karibu na mama Kabedi, ngoma moja kati ya magoti.

"Semeki," Kalonji alisema. "Uko unafanya nini humu?"

"Naenda nyumbani."

"Ulisema utatembea."

"Nilitembea. Tulipatana ya kuja. Ya kurudia, hakuna mutu aliniuliza."

Kalonji alishika ukingo wa gari. Alikuwa amevaa viatu vipya kwa ajili ya sikukuu, na tangu saa ya chakula alikuwa akisimama kwa kisigino kimoja, halafu kingine. Alitazama barabara inavyoshuka, nyeupe kwa vumbi, kilomita kumi na moja. Alitazama kama kuna mwanakamati karibu. Hakukuwa na mtu.

"Mahali ingine iko?" aliuliza.

Tata Ngeleka alizitazama nyungu sita, moja moja, kama anayechagua. Halafu akaanza kuzisogeza. Hakuharakisha.