Chembe Saba

"Leta jibu, Levina! Mgonjwa yuko wazi mezani!"

Sauti ya Dokta Xavery ilipenya dirisha dogo la chumba cha upasuaji. Levina aliinamia picha. Miaka kumi na tisa amepiga eksirei hapa Tabora, mifupa iliyovunjika na vifua vya kikohozi, na leo kaletewa kinyama kinachoenea kijikoni, kilichokatwa kwenye titi la mtu. Swali lilikuwa moja tu: kilichotafutwa kimetoka, au kimebaki ndani?

Akahesabu tena. Picha ya titi hilo ya wiki iliyopita ilionyesha chembe nyeupe saba, zimejikusanya kama chumvi iliyomwagika. Kwenye kinyama zilikuwa tatu.

"Zimebaki nne, dokta."

"Mashine yenyewe kuukuu hiyo! Wewe kazi yako kubonyeza. Kukata niachie mimi."

"Basi shona. Lakini fomu sisaini ng'o!"

Bila saini yake mgonjwa hashonwi. Ndio utaratibu, na dokta aliujua. Aliyejibu alikuwa mgonjwa mwenyewe, Minza, mama wa watu kutoka Igunga. Titi lilikuwa na ganzi, masikio hayakuwa nayo.

"Mayo wee! Dada, nimekukosea nini? Daktari anasema basi, wewe unasema nikatwe tena! Ungekuwa mwili wako?"

Yalimchoma. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Saini moja tu, na wote wangemwona mtu mwema. Akaitia mfukoni.

"Ukirudi nazo Igunga, mama, siku nyingine tutaliondoa titi lote, kama utawahi kufika. Nichukie tu."

Dokta akasonya, akakata. Nesi Josepha akaleta kipande cha pili, akakibwaga mezani bila kumtazama. Levina akakipiga picha. Kama hamna kitu, amemkatisha mtu nyama bure, na kazi hana.

Moja. Mbili. Tatu. Ya nne ilijificha pembeni.

"Zimetoka zote."

"Umeridhika sasa?" dokta akauliza, akaanza kushona. Asante hakuna.

Walipomtoa Minza kwa kitanda cha magurudumu, alimshika Levina mkono pale mlangoni. "Hizo chembe ndiyo saratani?"

"Sijui, mama. Maabara watasema, baada ya wiki mbili."

"Kumbe hata hujui!"

Akauachia mkono, akageukia ukutani. Levina alirudi mezani, akaandika jina la Minza kwenye vichupa vya vipande vyote viwili kwa herufi kubwa, polepole, maabara wasije wakakosea.