Malaria ya Tima

Nyinyi manesi wa siku hizi mkichoka mnaandika barua, mnapewa likizo, na bado mnalalamika! Sisi hatukuwa na hayo. Lakini jamani, nikiikumbuka ile zahanati yetu karibu na Kyuso, mwaka wa sabini na moja, nasikia raha na uchungu pamoja. Tulikuwa vijana. Kofia tulizitia wanga mpaka zikasimama zenyewe, tukaimba tukichemsha sindano, na nesi mwenzangu Tima wa kule Mwingi akatupikia chai ya tangawizi inayowasha mpaka masikio. Siku kama zile sitaziona tena.

Halafu kipindupindu kikaingia. Wiki tano, wagonjwa hamsini, manesi wawili: Tima usiku, mimi mchana. Mimi ndiye niliyekuwa sista mkubwa, na ulimi wangu mnaujua. Tima aliniomba siku moja tu alale. Nikamwambia, "Jikaze bwana! Kwani mimi nimelala lini?" Akajikaza.

Kila asubuhi tulipopokezana zamu alinipitisha kitanda kwa kitanda, akitaja jina la mgonjwa na hali yake, nami naandika. Asubuhi moja tukafika kitanda cha nne. Akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Mbula. Amekunywa vizuri, hatapiki. Kesho aende nyumbani."

Kitanda kilikuwa kitupu. Mbula, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amezikwa Jumanne.

Hasira zikanipanda. "Wewe Tima, una wazimu? Mbula si alikufa?"

"Najua, Sista. Si ni mimi nilimfunga shuka? Lakini nikisema hapa hakuna mtu, jioni sitaweza kuingia humu ndani."

Hakulia hata. Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua nimemmaliza mimi mwenyewe.

Ilibidi aende kwao apumzike, lakini shida ilikuwa fomu ya ruhusa. Nesi hakuruhusiwa kuondoka wakati wa mlipuko bila ugonjwa, na fomu ilitaka jina la ugonjwa. Ningeandika amechoka, wakubwa wangemfukuza. Ningeandika akili imechoka, asingeshika sindano tena maisha yake yote, na mimi sijaona nesi aliyeipenda kazi kama yule. Nikaandika malaria kali, siku kumi na nne, nikapiga muhuri. Uongo mtupu! Wala sijutii. Lori la maji likampeleka kwa mamake.

Alirudi amenawiri, akafanya kazi miaka ishirini na mitano. Kila Idi ananiletea pilau, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Jambo moja sijamwambia. Zile siku kumi na nne nilifanya zamu zote mbili peke yangu. Ugonjwa ulipokwisha, nilikaa miezi nikihesabu matone ya dripu kwenye ukuta wa nyumba yangu, na dripu haikuwepo. Nilitamani sana mtu aniandikie malaria, lakini mwenye muhuri nilikuwa mimi.