Beki Mfupi wa Salamabila

...na Hervé, mwenyekiti wa komite ya michezo, bado anasema, namsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani, sauti ipo ila maneno yanapotelea njiani, Jumapili, fainali, wanafunzi wa Kindu, yule mshambuliaji wao, na mimi nimesimama nyuma ya goli, hapa kwenye uwanja wa chuo chetu Kasongo, nina karatasi ya majina mkononi, kumi nimeyaandika, la kumi na moja sijaliandika, na mbele yangu Iliasi, beki wangu, anangoja kona ya mazoezi ipigwe, anahamahama mguu huu na huu, mfupi, mita moja na sentimita sitini na sita, nilimpima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani, na wiki iliyofuata nikampima tena, kana kwamba mtu wa miaka ishirini na mmoja huota usiku kama uyoga... moshi wa kiangazi umeshuka, watu wanachoma mashamba kule bondeni, jua limepauka, na ndani ya weupe huu wachezaji wote wanaonekana kuelea, miguu yao haionekani vizuri, isipokuwa yeye, yeye leo miguu yake inaonekana sana, mpira unakuja, anapanda, umeshapita, na Hervé anaguna pembeni yangu, ananiambia unaona mwenyewe, Kocha, unaona.

Naona, ndiyo, lakini macho yangu hayako hapa, yako Salamabila, mwaka jana, nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada yangu Pascaline anayeuza vitenge kule, siku mbili juu ya pikipiki, matope hadi masikioni, na Jumapili jioni wachimbaji wakawa wanacheza mpira kwenye kiwanja cha udongo mwekundu, goli moja lina mtambaa panya, la pili halina, nilisimama tu kwa sababu pikipiki zilikuwa zimeziba njia, mpira ukapigwa juu, mtu mwenye mabega kama mlango akajiandaa, na kabla hajaruka tayari kulikuwa na mtu kule juu, mdogo, kifua wazi, amefikaje sijui, akakaa kule, naapa alikaa, kama vile hewa ilikuwa na ngazi na yeye peke yake ndiye aliyeoneshwa ilipo, akaupiga kwa kichwa, akashuka polepole, na hakuna aliyeshangaa, walishamzoea, mimi tu ndiye niliyebaki mdomo wazi na vumbi likiniingia...

Mama yake Iliasi, Fatuma, alikuwa akiuza wali na maharage karibu na mashimo ya dhahabu, nilimkuta asubuhi yake, nikamweleza habari za chuo, kwamba komite ya michezo inawalipia masomo wachezaji, kwamba kijana ana diploma yake ya sekondari na imelala bure ndani ya sanduku, alinisikiliza huku akiosha sahani, hakuinua kichwa, nikadhani hataki, kisha akajifuta mikono na kuniambia, taratibu kabisa, "Mwalimu, mu shimo wanapenda watu wafupi. Wanawatuma fasi ndogo, kwenye watu wengine hawaingie. Ukimuchukua, basi umuchukue kabisa. Usinirudishie yeye mu shimo." Nikasema ndiyo, mama. Nilisema haraka mno, mtu akiona kitu kizuri kinaelea hewani anasema ndiyo kwa lolote...

"Kocha, uko unanisikia?" ananiuliza Hervé, nasema nakusikia, anaendelea, ule wa Kindu iko na mita moja tisini, wanamupigia mipira ya juu tu, na komite imeamua, kama Iliasi hawezi kucheza fainali, basi mwaka ujao nafasi yake ya masomo watampa mwingine, anasema hivyo kwa upole, Hervé si mtu mbaya, yeye ni mwenyekiti tu, wenyeviti huleta maneno kama mto unavyoleta majani, si yeye aliyeyachuma... mto, naam, samaki wa Nyangwe, nilikuwa nikiagiza samaki wa Nyangwe kwa ajili yake, na bugali, na sombe, majani ya muhogo yenye mafuta mengi, kula, Iliasi, kula tena, na mifuko ya mchanga mabegani kila alfajiri, na kila Ijumaa baada ya swala tunapita dukani kwa Ayoubu, anapanda juu ya mizani ya mchele, Ayoubu anacheka, anasema Mwalimu, huyu unamuuza lini, na mimi nafurahi, kilo mbili, kilo nne, kilo sita, nikawa naona beki anaongezeka mbele ya macho yangu, beki mwenye kifua, beki ambaye hakuna mtu atakayemcheka...

Nani alicheka? Hapa hakuna aliyemcheka. Aliyecheka alikuwa Kindu, miaka ishirini na minane iliyopita, mtu wa kuchagua timu, miwani myeusi, tulisimama mstari mmoja kwenye jua na yeye akapita akigusa vichwa vyetu kwa kalamu, alipofika kwangu kalamu ikashuka, ikashuka, akajifanya anaitafuta chini, na mstari wote ukacheka, hata mimi nilicheka, hilo ndilo linaloniuma, nilicheka nao, kisha nikarudi Kasongo, siku tatu njiani... najiuliza mwenyewe, je, samaki wale walikuwa wa nani, Clovis, mifuko ile ya mchanga ilikuwa ya mabega ya nani, mbona kila ulipomwona kijana amenenepa ulijisikia wewe ndiye uliyeshiba...

Na mwezi wa Ramadhani, mbona sikutaka kuona, mwezi ule hakubeba mchanga, hakula mchana, kilo zikapungua, nikawa nakasirika kimya kimya kama mkulima anayeona mvua inakwenda kwa jirani, na ilikuwa katika mwezi uleule, kwenye mazoezi ya jioni, karibu na magharibi, ndipo nilipomwona akipanda tena kama kule Salamabila, mara tatu, juu ya wote, nami nikajiambia ni mwanga tu, ni njaa yake inayonidanganya macho... Idi ikapita, nikarudisha samaki, nikarudisha mchanga, nikampigia kelele, musukume mutu, tumia bega, angalia mupira, angalia mupira, angalia mupira, kila siku neno hilo, hata usingizini mke wangu anasema nalisema.

Kona nyingine. Anaangalia mpira. Namwona, anatii, macho yake yameng'ang'ania mpira kama nilivyomfundisha, mpira unaondoka, ndipo anaruka, amechelewa... na hapo, sijui kwa nini ni sasa, inanijia siku yake ya pili hapa, asubuhi, bado ana viatu vya kuazima, nilikuwa nikimwonyesha namna ya kusimama, na yeye akasema kwa adabu, akiangalia chini, "Kocha, mimi siangalie mupira. Mupira ukishatoka, umechelewa. Naangalia nyonga ya ule mwenye kupiga." Nikamuuliza nani alimfundisha upuuzi huo. Akasema hakuna, ni mu shimo tu, kule chini udongo unasogea kidogo mbele ya kuanguka, mwenye kungoja mpaka uanguke hatoki. Nikamwambia hapa si shimoni, hapa ni mpira, angalia mpira... na akasema ndiyo, Kocha, na tangu siku ile hajawahi kuniambia kitu kingine chochote, miezi minane, nami niliita ule unyamavu nidhamu...

Miezi minane. Nimemlisha, nimempima, nimempakia mchanga. Sijamuuliza swali hata moja. Ngazi ile ya hewani alikuwa anaijua mwenyewe, nami nimemfunga mawe miguuni ili afanane na mtu mrefu, na mtu mrefu yule hayupo, hajawahi kuwapo, si kwangu, si kwake... na ajabu ni kwamba kifua changu kimekuwa chepesi, nilidhani kosa likijulikana hulemea, kumbe hili linanitoka kama moshi huu, taratibu, bila sauti.

Hervé amenyoosha mkono, anataka karatasi, "Kocha, tuandike nani?" Mpigaji anaweka mpira tena kwenye pembe, anarudi hatua nne. Iliasi ameinua kichwa, anatazama upande wangu, anangoja niseme neno lile, angalia mupira.

"Hervé," nasema, "ngoja kwanza. Iko mutu nataka kumuuliza."

Na kwa Iliasi neno lile silisemi, aangalie nyonga kama anavyojua. Nafunga mdomo wangu, mpigaji anaanza kukimbia.