Kizimba cha Saba

Ini la panya linaenea kwenye kijiko cha chakula. Likiwa zima huwa jekundu la kukolea. Likijaa mafuta hupauka kama chai ya maziwa. Nililolishika asubuhi ile lilitoka kizimba cha saba, na lilikuwa jekundu kuliko lilivyopaswa. Mtafiti wetu, tuliyemwita Bwana Gramu kwa mapenzi yake ya mizani, alilitazama mara mbili, kisha akanitazama mimi.

Kosa lilikuwa na umri wa miezi mitatu. Panya wote walikuwa majike waliotolewa ovari, maana mwili ukikosa estrojeni, homoni ya kike, mafuta hujirundika kwenye ini hata kama chakula ni kilekile. Nusu yao walikula chakula cha kawaida. Waliobaki walichanganyiwa unga wa peptidi za kolajeni, yaani vipande vya protini, uliotokana na ngozi ya samaki. Tulitaka kujua kama unga ule unalinda ini. Mchanganyaji nilikuwa mimi.

Dada yangu naye alitolewa ovari akiwa na miaka thelathini na minane. Baadaye kipimo kikaonyesha mafuta kwenye ini, na majirani wakanong'ona kwamba anakunywa kwa siri, yeye ambaye harufu tu ya pombe ilimtia kichefuchefu. Alinunua kopo la unga kama ule, akaliweka juu ya kabati bila kulifungua.

"Nimechoka kubahatisha, mdogo wangu," aliniambia. "Wewe si uko hukohuko? Nitasubiri jibu lako."

Kizimba cha saba kilikuwa cha chakula cha kawaida. Humo alikaa panya mzito, mvivu, aliyeninusa vidole kila nikifungua, nami nikambandika jina la Bibi Mkubwa. Nilimwona dada ndani yake. Nikamtilia kijiko cha unga leo, nikarudia kesho, kisha nikawaonea huruma na panya wa vizimba vya jirani.

Asubuhi ile, mbele ya ini lile, nilikiri palepale. Bwana Gramu hakufoka. Aliuliza ni vizimba vingapi, nikasema sikumbuki vyote. Akafunga daftari na kusema tutaanza upya, na kwamba wale waliokwisha kufa wamekufa bure. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Jioni nilimkuta dada akipiga pasi. Aliacha pasi, akauliza kama unga unasaidia. Nikamweleza yote. Nilitegemea atanitania, ndiyo kawaida yake.

"Ulimhurumia panya," alisema. "Mimi ungenihurumia kwa kupima sawasawa."

Jaribio la pili lilichukua mwaka mzima. Majibu yalitia moyo, kwa panya. Kufikia hapo ini la dada lilikuwa limeota makovu, na daktari wake akasema wakati wa kujaribu unga umepita.

Siku hizi wafanyakazi wapya wananiita Bibi Gramu, wakidhani sisikii. Panya siwapi majina. Kopo la dada ninalo mezani, bado limefungwa.